Kitanda cha Yvan

Zachariah aliipata karavani yake mwezi wa Mei mwaka 1995, nyuma ya ghala la mkulima mmoja kaskazini ya Brampton, majani yakiwa yameifunika hadi juu ya magurudumu. Ilikuwa ndogo, futi kumi na tatu tu, ya faibaglasi, imefanana na yai lililolazwa. Panya walikuwa wamezaa ndani ya magodoro. Yule mkulima alikuwa na boti iliyopasuka ubavuni, na Zachariah akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: mimi nakutengenezea boti, wewe unanipa hii. Akaifanya kazi kwa Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu akaja nayo nyumbani, ameifunga nyuma ya gari lake kuukuu, anaendesha polepole mpaka watu wanampigia honi.

Mimi ni Godelive, mzaliwa wa Bukavu. Wakati ule nilikuwa natunza wazee, na nilipanga nyumba moja na Zachariah: yeye chumba cha chini ya ardhi, mimi na binti yangu Carmel juu. Mwenye nyumba wetu, Bwana Iqbal, mtu wa Arusha, alitoka nje na kikombe cha chai mkononi akaizunguka karavani mara mbili.

"Zachariah, hii ndiyo nini?"

"Nyumba, Bwana Iqbal."

"Nyumba unayo. Si umepanga kwangu?"

"Hata Buyenzi nilikuwa na nyumba. Hii, siku ikibidi kukimbia, itakimbia na sisi."

Nilidhani Bwana Iqbal atacheka. Hakucheka. Alimwonyesha mahali pa kuiweka, kando ya uzio, akarudi ndani.

Zachariah alikuwa fundi wa bodi za magari kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako hata Warundi wenyewe huongea Kiswahili. Mwezi wa kumi mwaka 1993 alikwenda Nairobi kununua vipuri, na mauaji yakaanza Burundi akiwa huko. Hakuweza kurudi. Mkewe Libérata alichukua watoto watatu akavuka nao hadi Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Kasulu. Mélissa alikuwa na miaka tisa, Fabrice sita, na Yvan mitatu. Zachariah, baada ya kuhangaika mwaka mzima, alifika Kanada, akapata kazi kwenye kiwanda cha mabafu ya faibaglasi, akajaza fomu za kuwaita. Kilichobaki kilikuwa kungoja.

Na alingojea ndani ya ile karavani. Akitoka kiwandani anakula upesi, anavaa barakoa, anaingia. Alinieleza kwamba karavani ya namna ile ni maganda mawili, la chini na la juu, yaliyoungwa kiunoni kwa ribiti, vijisumari vya kukazia, na mvua hupenya kwenye zile ribiti. Alizitoa zote, moja moja, akatia mpya. Sakafu ilikuwa imeoza. Akaing'oa, akaweka plaiwudi na kuipaka resini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu. Nyufa za paa aliziziba kwa mkeka wa nyuzi za kioo, akapiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Mikono yake ilikuwa inawasha siku zote. Nilimpa mafuta ya kujipaka niliyokuwa nawapaka wazee wangu.

Ndani, meza ilikunjwa ikawa kitanda cha yeye na mkewe. Upande wa mbele mlikuwa na vitanda viwili vya kupandana. Hivyo ni vya Mélissa na Fabrice. Kitanda cha tatu hakikuwamo, watu waliotengeneza karavani hawakukifikiria. Zachariah alikibuni mwenyewe, juu ya upande wa miguuni wa kitanda cha wakubwa, kidogo kama rafu, kimezungushiwa kizuizi ili mtoto asianguke.

"Mama Carmel, niazime binti yako," aliniambia.

Carmel na Yvan walizaliwa mwaka mmoja. Zachariah alimlaza kwenye ubao, akapiga mstari kwa penseli juu ya kichwa na chini ya miguu, akaongeza inchi nne za kukua. Mwaka uliofuata alimpima tena, akaona amerefuka, akakifungua kitanda na kukiongeza. Na majira ya kuchipua ya 1997 akakiongeza tena. Kila mara alichora mchoro kwenye barua, na vipimo pembeni. "Mwambie Yvan kitanda chake kina dirisha. Nikiwapeleka ziwani, atalala anaona maji."

Libérata alikuwa akijibu kwa barua fupi zilizopitia parokiani. Watoto wanakusalimu. Watoto wanakusubiri. Zachariah alizisoma kwa sauti jikoni kwa Bwana Iqbal, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba majina yalikuwa yametoweka humo.

Barua ya serikali ilikuja mwezi wa Juni mwaka ule wa 1997. Aliniletea nimsomee. Familia imekubaliwa. Chini yalikuwepo majina: Libérata, Mélissa, Fabrice.

Aliichukua karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Wamemsahau Yvan," akasema. "Angalia watu hawa! Miaka miwili na nusu wananiuliza maswali, halafu wanasahau mtoto."

Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amekasirika tu, kama mtu aliyeandikiwa jina vibaya kwenye risiti. Kesho yake nilibadilisha zamu tukaenda pamoja ofisini. Mama aliyetuhudumia alifungua faili, akasoma, akasoma tena, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama bwana huyu amezungumza na mkewe karibuni. Alisema fomu ya huko imejazwa na mama mwenyewe, na mama ametaja watoto wawili.

"Anasema nini?" Zachariah aliniuliza.

"Anasema umpigie Mama Mélissa simu."

Asubuhi ya Jumapili Bwana Iqbal alitupa simu yake ya jikoni. Parokia ya Kasulu ilikuwa imearifiwa, na huko ilikuwa saa kumi jioni. Laini ilikuwa mbovu, ikabidi wapige kelele, ndiyo maana nilisikia yote.

"Mama Mélissa! Hapa ofisini wamelisahau jina la Yvan. Uwaambie na huko..."

"Hawakusahau."

"Unasemaje?"

"Baba Mélissa, keti."

"Nimeketi," akasema. Alikuwa amesimama.

"Yvan hayupo. Tulimzika mwezi wa pili mwaka jana."

Zachariah aliutazama ukuta.

"Mwaka jana," akasema.

"Mwaka jana."

"Na barua zangu?"

"Nilizipata zote."

Aliiweka simu juu ya meza, taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sauti ya Libérata ilikuwa bado inaita. Nikaishika simu, nikamwambia mimi ni nani.

"Mwambie nilianza kuandika mara tatu," akasema. "Kila nikishika kalamu, inaingia barua yake na mchoro wa kitanda. Ningemwandikiaje, dada? Yuko peke yake huko. Nilisema, kile kitanda ndicho kinachomweka hai."

Kupitia dirishani nilimwona Zachariah akitandaza turubai juu ya karavani. Alilivuta kila pembe, akalifunga kwa kamba, mafundo mengi kuliko yaliyohitajika.

Kiangazi chote hakuigusa. Hakulia pia, mbele yetu hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nguvu ya kuamka. "Nimeongeza kitanda cha mtoto aliyekufa, Mama Carmel," aliniambia siku moja kwenye ngazi. "Nimempima mtoto wako kwa ajili ya kaburi. Na yeye alijua, akaniacha." Mimi pia nilikuwa nikimtazama Carmel akikimbia uani nikijisikia kama nimeiba.

Walifika mwezi wa Septemba. Kwenye kiwanja cha ndege aliwakumbatia watoto mpaka Mélissa akasema baba unaniumiza. Mkewe alimpa mkono. Kwa wiki tatu waliishi mle chumbani chini kama wapangaji wawili waliokutanishwa na shida: chumvi iko wapi, mlango umefunga, watoto wameoga. Libérata alikuwa mwembamba, mtaratibu, na alikuwa na tabia ya kukaa ukingoni mwa kiti, kama anayengoja kuitwa.

Siku moja nilimkuta uani anafungua yale mafundo. Nikamsaidia bila kuuliza. Turubai lilipoanguka aliingia ndani, akakaa peke yake karibu saa nzima. Jioni, mbele yangu, alimwambia mumewe: "Tupeleke."

"Niwapeleke wapi?"

"Kwenye ziwa. Ulikoandika."

"Sina haja nako tena."

"Mimi ninayo."

Ilikuwa karibu na sikukuu ya Shukrani ya Kanada, mwezi wa kumi, mapumziko ya siku tatu, ya mwisho kabla maeneo ya kupigia kambi hayajafungwa. Libérata aliniomba niende nao na Carmel. Nadhani aliogopa kuwa na mumewe kwenye gari bila mtu wa tatu. Lakini Fabrice aliposikia neno kambi alikimbilia chini ya kitanda.

"Siendi kambini! Si tulitoka kambini?"

Zachariah alipiga magoti sakafuni akamweleza: hii ni kambi ya kucheza, watu wanakwenda kwa hiari yao, Jumatatu tunarudi. Fabrice aliuliza kama kuna foleni ya maji. Aliambiwa hakuna. Akauliza tena.

Kwenye barabara kuu karavani ilianza kuyumba. Kila lori likitupita inatuvuta kushoto, halafu kulia. Zachariah aliegesha kando. Tulikuwa tumepakia masufuria, mchele na madumu ya maji kwa nyuma, na mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari ulikuwa mwepesi mno. Alisimama anatazama kama mtu aliyeshindwa. Libérata akashuka, akafungua mlango wa karavani, akaanza kumpasia vitu. Dumu, sufuria, gunia. Yeye anapokea, anapanga mbele. Mikono yao ilikuwa inajuana bado. Tulipoondoka tena, karavani ilitufuata kimya.

Tulifika ziwa Simcoe mchana, mvua ikinyesha nyembamba. Majani ya miti yalikuwa mekundu, na watu wachache. Tulifunga turubai kati ya miti miwili, nikawasha jiko, mimi na watoto tukaanza kukaanga viazi. Wao wawili waliingia ndani ya karavani kutandika, na mlango ukafungwa.

Faibaglasi ni nyembamba. Sikutaka kusikia, lakini nilisikia.

"Sasa niambie," Zachariah alisema. "Yote."

Akamwambia. Homa ya siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne alimfunga mgongoni kwa kitenge akaenda naye kwenye zahanati ya kambi, Fabrice akifuata nyuma ameshika chupa ya maji. Foleni ilikuwa ndefu. Yvan aliomba maji, akanywa kidogo, akasema miguu inamuuma. Alipata dawa mchana. Walianza kurudi. Njiani Yvan alikuwa mzito, mama yake akafikiri amelala, akafurahi kwamba amelala. Aliendelea kutembea. Alikuwa anamwimbia.

"Fabrice aliniita. Akasema, Mama, simama. Nikamwambia twende, mvua inakuja. Akasema, Mama, Yvan ameacha kunishika kidole."

Nilimtazama Fabrice. Alikuwa anageuza viazi kwa uma, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, na sikio lake limeelekea karavani. Mélissa alikuwa amemshika shati kwa nyuma. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Zachariah, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume, na sitaki kuieleza. Ilikaa muda. Carmel aliniingia kwapani.

Mlango ulipofunguliwa, Zachariah hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Fabrice, akauchukua ule uma mkononi mwake, akauweka mezani.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akamuuliza.

"Minane."

"Miaka minane," Zachariah alisema. "Mwanangu. Na mimi sikuwepo."

Fabrice alisema, "Nilimwambia Mama mapema, Baba. Nilimwambia lakini hakusimama." Alikuwa anajitetea. Yule mtoto alikuwa amebeba kitu hicho tangu siku ile, akidhani ipo siku atakuja kuulizwa. Baba yake alimnyanyua, mtoto wa miaka kumi mwenye miguu mirefu, akamkalisha mapajani kama mtoto mchanga, wakakaa hivyo pembeni ya ziwa mpaka viazi vikaungua. Libérata alisimama mlangoni mwa karavani amejishika mabega. Baadaye Zachariah alimnyooshea mkono, bila kugeuka, naye akashuka.

Siwezi kusema walipona palepale. Usiku huo hakuna aliyelala kwenye kile kitanda kidogo. Waliweka nguo humo. Na kwa miezi kadhaa bado kulikuwa na siku ambazo Zachariah alikula peke yake. Lakini tuliporudi Brampton alinijia na kofia mkononi.

"Mama Carmel, walimlilia kule bila mimi. Nataka kumlilia."

Basi tukafanya matanga, mwaka mmoja na miezi minane baada ya mazishi. Watu wa kanisani walijazana mle chumbani mpaka kwenye ngazi. Bwana Iqbal alileta viti, akaleta pilau, akaketi na sisi, kofia yake kichwani. Zachariah alisimama akawaeleza watu mwanawe alikuwa nani: kwamba alizaliwa Buyenzi siku ya mvua, kwamba alipenda kushika kidole cha kaka yake akitembea. Mambo mengine aliyajua mwenyewe, mengine aliambiwa na mkewe, na aliyasema yote kama aliyeyaona.

Kisha wakaanza nyimbo. Katikati ya wimbo wa pili Libérata alisinzia, akaegemeza kichwa begani mwa mama mmoja ambaye hajawahi kumwona maishani. Yule mama aliendelea kuimba, kwa sauti ya chini sasa, na hakusogea mpaka watu walipoondoka.