Visima Sita na Talaka Tatu

Watu wa kijiji cha Garasweyn walitaka kutoka katika Umoja wa Visima Sita, na Umoja haukutaka watoke. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na lingebaki peke yake lingeisha kwa siku mbili. Lakini Warsame akafungua mdomo.

Umoja haukuwa mchezo. Vijiji sita vya kati ya Garissa na Dadaab vilikuwa vimekubaliana tangu mwaka wa themanini na tatu: mnada mmoja kila Alhamisi, ushuru mmoja kwa kila mnyama, diwani mmoja wa kupigiwa kura. Mtu wao akiua mtu wa nje, vijiji vyote sita vililipa diya pamoja. Na pale Elgaab kulikuwa na kisima kirefu cha injini, mali ya wote. Kiangazi kikikaza, visima vya kuteka kwa mkono vilikauka na ngamia wote wakanywa Elgaab.

Halafu wakimbizi wakaja Dadaab kwa maelfu, na walaji wa nyama wakawa karibu na Garasweyn kuliko kijiji kingine. Garasweyn wakaanza kujiuliza kwa nini wapeleke mbuzi mnada wa Alhamisi, walipe ushuru, kisha wawaone mbuzi wale wale wakirudi juu ya lori, wakipita mbele ya nyumba zao kwenda kuchinjwa Dadaab. Lilikuwa swali zuri. Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa pili, wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono ya kutoka ilizidi ya kubaki kwa minne, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya Awil, aliyeinua yote miwili, na hakuna aliyetaka kugombana naye.

Warsame aliinua wake wakati wenzake walikuwa wameshaanza kushusha. Wakamfanya mwenyekiti wa mazungumzo, kwa sababu boma lake lilikuwa kubwa na alikuwa ametenga mbuzi arobaini wa kuuza siku Garasweyn watakapofungua mnada wao.

Umoja ulituma wazee saba wakiongozwa na Siyad, mzee wa ndevu za hina aliyeongea polepole kama mtu anayelipwa kwa siku. Pamoja nao alikuja Khalif, karani, mwenye daftari. Wakakaa kwenye kivuli cha nyumba ya mikeka ya Sharifo, mke wa Warsame, wakaongea mpaka adhuhuri bila kusema neno la maana. Kisha Siyad akavaa kandambili mguu mmoja.

"Tumewasikia," akasema. "Tutarudi wiki ijayo, inshallah."

Kwetu mgeni husema anaondoka ili akatazwe. Mwenyeji humwambia kaa, mgeni hukataa, mwenyeji huapa kwa Mungu, mgeni hukaa akala. Hata watoto wanajua. Lakini Warsame siku hiyo alikuwa mwenyekiti, na kiapo cha kawaida alikiona kidogo.

"Wallahi, mke wangu ana talaka tatu," akasema, "mkitoka katika boma hili kabla hatujaelewana, au mkila chakula cha mtu mwingine."

Siyad akavua ile kandambili.

"Basi tumekaa," akasema.

Nyuma ya mkeka sauti ya Sharifo ikasikika, ya upole kabisa. "Warsame. Njoo hapa kidogo."

Akaenda.

"Hao wazee walikuwa wanatoka?" Sharifo akamuuliza.

"Walikuwa wanajifanya."

"Walikuwa wanajifanya, na wewe ukaniacha kweli."

"Sijakuacha. Ni mpaka watoke."

"Umoja ndio usioutaka, mume wangu. Mimi nilikuwa nimekaa hapa napika chai. Nani alinitia kwenye mambo yenu?"

Jioni Warsame akaenda kwa Maalim Nunow, aliyefundisha chuo cha Kurani, akamuuliza kama kiapo kinaweza kulegezwa kwa kufunga siku tatu.

"Ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na watano. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikusikia vizuri," Maalim akasema. "Nairobi labda utapata sheikh wa kukwambia vingine. Hapa tunafuata madhehebu ya Shafii. Wakitoka bila maelewano, Sharifo hana mume."

Warsame akachinja mbuzi watatu kila siku. Wageni walikuwa wanane pamoja na karani, lakini wajumbe wa Garasweyn nao waligundua kwamba mambo ya nchi hayajadiliwi kwa njaa.

Siku ya pili waliongea habari ya maji. Awil alisimama akasema kutoka ni kutoka, Garasweyn hawatalipa senti kwa Elgaab wala kuomba ruhusa ya mtu.

"Na ngamia wako, Awil, nao wametoka?" Siyad akauliza. "Maana leo asubuhi walikuwa Elgaab."

"Ngamia hawajui siasa."

"Basi ninyi tokeni. Sisi tutabaki na ngamia."

Siku ya tatu ikaja diya. Umoja ulikuwa na deni la ngamia kumi na wawili kwa watu wa Ijara, na Siyad akataka Garasweyn watoe wawili, fungu lao, kabla ya kwenda. Warsame akasema hapana, na akaona amesema vizuri. Siyad akapapasa mkekani taratibu, kama mtu anayetafuta tasbihi yake, mkono ukagusa kandambili.

"Labda tuwapumzishe," akasema. "Mnaonekana mmechoka."

"Wawili," Warsame akasema haraka. "Andika wawili."

Khalif akaandika. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu karatasi ingepelekwa ofisi ya D.O., na D.O., mkuu wa tarafa, alikuwa mtu wa bara asiyejua lugha yetu.

Tangu hapo kazi ya Siyad ikawa nyepesi. Hakuhitaji hoja. Ushuru wa barabara ulikwama, akaivuta kandambili ya kulia, ukakwamuka. Mpaka wa malisho ulikwama, akavaa zote mbili na kusimama, na Garasweyn wakapoteza bonde zima la miti ya garas kabla hajanyoosha mgongo. Awil alipiga kelele kwamba huku si kutoka bali ni kuuzwa. Mkekani walimsikia, wakamwongezea nyama.

Siku ya sita Warsame alifikiri amepata ujanja. Akamwambia Sharifo apike mahindi na maharage ya msaada kutoka Dadaab, bila nyama. Wazee watachoka, watafanya haraka. Sahani zikaja. Siyad akaigeuza yake kwa kidole.

"Tumekuwa wakimbizi?" akauliza. "Khalif, soma kanuni ya tisa."

Khalif akafungua daftari. "Mzee wa baraza akilishwa kwa dharau, faini ni ngamia dume mchanga."

"Hiyo ni kanuni ya Umoja," Warsame akasema. "Sisi tumetoka."

"Hamjatoka bado, ndugu yangu. Ndiyo maana tuko hapa."

Ngamia akaliwa siku ya saba na ya nane. Siku ya tisa wakarudi kwenye mbuzi. Usiku huo Sharifo akamwekea Warsame chai bila sukari, akalala kwa dada yake.

Siku ya kumi na moja, baada ya adhuhuri, lori la ng'ombe kutoka Dadaab lilisimama barabarani na dereva akaja na ujumbe. Nikaha ya Ruweyda, binti wa Siyad, ilikuwa imeharakishwa. Ilikuwa kesho asubuhi, Garissa, na baba ndiye walii wa kumwozesha. Lori lilikuwa linaondoka mara tu injini itakapopoa. Siyad akavaa kandambili zote mbili, na safari hii hakumtazama mtu.

"Mzee, kaa," Warsame akasema. "Bado mambo mawili."

"Wallahi naondoka. Siwezi kuvunja ndoa ya binti yangu ili kuokoa yako."

"Mambo gani mawili?" Maalim Nunow akauliza.

Khalif akasoma. La kwanza, Garasweyn watanywesha Elgaab kwa bei ya wageni, mara mbili ya wanachama. La pili, watafuata kila kanuni ya kisima, lakini hawatakuwa na kiti kwenye baraza linalozitunga.

"Tukikubali hayo, tulikuwa na haja gani ya kutoka?" Awil akasema. "Warsame, ukitia kidole hapo, mimi siko."

Jua likawapiga usoni.

Walitazama juu. Sharifo alikuwa amefungua kamba, na mkeka mkubwa uliokuwa kivuli chao ulikuwa unateleza chini. Kwetu nyumba ya mikeka ni ya mwanamke. Akiachwa, anaifungua, anaipakia juu ya punda, na mwanamume anabaki na uwanja.

"Sharifo, unafanya nini?" Warsame akauliza.

"Nafunga mizigo. Mzee akipanda lori, mimi nimeachwa. Sitaki giza linikute nikitafuta kamba." Akavuta mkeka wa pili na wa tatu, ikachanika. "Inukeni, mmekalia vitu vyangu."

Wanaume kumi na watano wakainuka.

"Mama, ngoja kidogo," Awil akasema. "Haya ni mambo ya kijiji kizima."

"Awil, una wake wangapi?"

"Sijaoa."

"Basi nyamaza."

Lori likapiga honi. Warsame alitazama vijiti vya nyumba vilivyokuwa vimebaki vimesimama wazi kama mbavu. Vilikuwa vile vile alivyovikata yeye mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, alipokuwa hana mbuzi hata mmoja na Sharifo akakubali kuolewa naye hivyo hivyo. Akamnyang'anya Khalif karatasi. Akatia kidole kwenye wino, akakibandika kwa la kwanza, akakibandika kwa la pili, na kwa hofu akakibandika tena pembeni ambako hapakuwa na kitu.

"Tumeelewana?" akauliza.

"Tumeelewana," Siyad akasema. "Allah awabariki. Nyama ilikuwa nzuri." Akaenda kwenye lori akitembea haraka kuliko alivyowahi kuongea.

Sharifo akaketi juu ya mzigo wake.

"Nijengee," akasema.

"Kesho."

"Leo. Na mikeka iliyochanika, mbuzi wanne."

"Chukua sita."

Asubuhi wanakijiji wakaja boma la Warsame kuuliza wamepata nini, na Maalim Nunow akawahesabia. Ngamia mmoja wa faini. Ngamia wawili wa diya. Bonde la garas. Sukari ya chai ya wageni, gunia moja. Maji ya Elgaab, mara mbili ya bei ya zamani. Kiti cha baraza, kimoja, na hawakuwa na kingine. Mbuzi walioliwa, ishirini na wanne. Mbuzi wa mikeka, sita. Mbuzi wa Warsame waliobaki kwa ajili ya mnada wa kwanza wa Garasweyn, kumi.