Walio Hai wa Yalovets

Rusalina alibonyeza kitufe saa nne asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Wiki nzima tovuti ya kijiji chao ilikuwa ikimsumbua kwamba toleo jipya la programu yake limetoka, asasishe. Akasasisha. Alipofungua tena alikuta ukurasa mweupe, hauna hata neno moja.

Kijiji cha Yalovets kilizama chini ya maji ya bwawa yeye akiwa na miaka sita. Mumewe, Ognyan, ndiye aliyeunda tovuti ili watu wa kule, waliotawanyika hadi Uhispania, wapate pa kukutana: picha, ramani ya nyumba zao, orodha ya walio hai na orodha ya waliokufa. Mwaka juzi, mwezi wa Machi, Ognyan mwenyewe alihamia orodha ya pili. Tangu hapo mjane wake aliendesha mambo kwa kubahatisha.

Alimpigia Yasen, mwanafunzi wake wa zamani wa hesabu, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta katika mji wa Plovdiv.

"Mwalimu, ulichukua nakala kabla ya kusasisha?"

"Nakala gani?"

"Basi usiguse kitu. Nitumie neno la siri, niingie mwenyewe."

Alihangaika nayo mpaka alasiri. Sasisho lilikuwa limekwama katikati na kuvuruga kila kilichohifadhiwa. Alipompigia Rusalina, alianza kwa kukohoa.

"Nakala ya akiba ipo. Marehemu alikuwa anaichukua mwenyewe kila Jumapili. Ya mwisho ni ya Februari, mwaka juzi."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna aliyechukua, mwalimu."

"Wenye seva je?"

"Kwa huduma mliyolipia, hawaweki nakala."

Rusalina aliikumbuka Jumapili hiyo. Kesho yake gari la wagonjwa lilimchukua Ognyan.

"Rudisha iliyopo," alisema.

Saa kumi na moja tovuti ilirudi. Alifungua orodha ya walio hai. Jana yake walikuwa ishirini na mmoja. Sasa walikuwa thelathini na wanne. Mzee Dragoy alikuwa hai. Mke wa mwokaji alikuwa hai. Ognyan naye alikuwepo, na chini ya jina lake maneno yake: andikeni, nitawajibu ndani ya siku mbili. Rusalina alijua ni mashine tu. Hata hivyo alikaa akiyatazama, kiganja mdomoni.

Kisha akakumbuka sauti za Dragoy.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya waliozijua njia za Yalovets kwa miguu yao wakiwa watu wazima. Kiangazi kilichopita Rusalina alikaa kando ya kitanda chake mchana kumi na moja, simu mkononi ikirekodi, mzee akitaja nyumba moja moja: nani aliishi humo, waliitwaje kwa utani, walinuniana na jirani yupi. Alizipandisha sauti hizo kwenye tovuti, kisha akazifuta kwenye simu kwa sababu ilikuwa imejaa. Januari mzee akafa.

Alipekua simu, kompyuta ya zamani, hata droo za Ognyan. Hakuna kitu. Alikuwa bado amepiga magoti sakafuni simu ilipolia. Ni Nastasiya, binti wa Dragoy, anayehudumia vikongwe kule Valencia, Uhispania.

"Dada, sauti ya baba siioni. Halafu umemweka kwa walio hai. Ni mzaha gani huu?"

Rusalina angeweza kuisingizia mashine. "Ni mimi," alisema. "Nilibonyeza bila kuuliza mtu. Zimepotea, Nastasiya. Hazirudi."

Upande wa pili bomba lilikuwa likimwaga maji, halafu likafungwa.

"Namsikiliza kwenye basi nikienda kazini. Kila siku. Sikujiwekea nyingine kwa sababu zilikuwa pale, kwako."

"Nisamehe."

"Mtoe kwa walio hai. Leo hii." Akakata.

Rusalina aliwahamisha wote kumi na watatu, mmoja mmoja. Kwa kila mmoja tovuti ilidai tarehe ya kifo, na tarehe nyingine ilibidi azitafute kwenye karatasi za msiba, zile zinazobandikwa malangoni mtu akifa, ambazo alikuwa amezitunza. Ognyan alimwacha wa mwisho. Safari ya kwanza, mwaka juzi, Yasen ndiye aliyemhamisha kwa niaba yake. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Nastasiya hakupokea simu zake kwa wiki tano. Kisha ikaja barua pepe bila salamu: nyumba tisa alizozishika kichwani kwa kumsikiliza baba yake, na majina ya wenye nyumba. "Ya kumi ni ya mfinyanzi au ya shemeji yake, sina hakika. Baba angejua."

Rusalina aliandika majina tisa kwenye ramani, akachukua nakala, akampigia Yasen ahakikishe imekaa sawa. Imekaa, alimwambia. Nyumba zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Nyingi ya zilizobaki bado ni viboksi vitupu, na mtu wa kumuuliza hayupo tena.