Mrija Mmoja

Nikisikia mtu akijisifu kwamba sisi watu wa Songambele tunapendana, nasikia kichefuchefu.

Mwaka 1993 mdogo wangu Laurensia alikonda, akaharisha, akakohoa, mdomo ukajaa utando mweupe. Basi, watu wakaamua kuwa ni UKIMWI. Mumewe, Anatory, akamhamishia kwenye banda la kahawa. Mama mzazi wa Anatory, Kokuberwa, alimsogezea sahani kwa fimbo. Kwa fimbo, jamani! Damu ilipimwa mara mbili, majibu yakaonyesha hana virusi. Wakasema cheti cha majibu nimekinunua.

Nikampeleka Mwanza mwenyewe. Picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kifua, kwenye tezi inayohusika na kinga ya mwili. Daktari alisema uvimbe wa aina hiyo aliwahi kuuona mara moja tu. Wakampasua, wakautoa, kidonda kikapona.

"Lakini kinga haijarudi, dada, na huenda isirudi," daktari aliniambia. "Dawa ya kumwongezea hatuna. Mwenye mafua asimkaribie. Yeye hamwambukizi mtu, ninyi ndio hatari kwake."

Tuliporudi kijijini nikampa mwalimu wa dini, Projest, barua ya daktari, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba haikuwa UKIMWI. Mchana uwanja wetu ukafurika watu wale wale. Anatory alipiga magoti akipenga kamasi kwa vidole. Kokuberwa alileta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija mmoja, maana kwetu waliokosana wakinywea mrija mmoja, yamekwisha. Akafyonza, akakohoa mpaka makohozi yakamtoka, akaufuta mrija kwa kanga, akamnyooshea Laurensia.

"Shikamoo mama," nikasema. "Samahani, daktari amekataza."

"Kumbe sasa sisi ndio wachafu?"

Watu wote wakanigeukia. Laurensia naye alinitazama, akisubiri neno langu. Karibu mwaka mzima hakuna aliyemgusa isipokuwa mimi, na nilimwona jinsi alivyoutamani mrija ule.

Mimi niliyewatukana wote kwa miezi, siku hiyo niliogopa kuitwa mkorofi.

"Kunywa, mdogo wangu," nikasema, nikamshikia kibuyu.

Akanywa. Mrija ukazunguka mdomo kwa mdomo, ukamrudia mara tatu. Siku ya tisa homa ya mapafu ikamuua.

Msibani Kokuberwa alinikumbatia, kamasi zikinilowesha bega. Akasema, "Afadhali, mwanangu, ametutoka tumeshapatana."

Nikamjibu, "Asante, mama."