Maumivu Yalianza Saa Ngapi

Fundi cherehani alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Mumewe wa zamani alipooa tena, fundi alimwandika yule mke mpya kwenye simu yake "Kimada", ingawa ndoa ilikuwa halali kabisa. Jumamosi hiyo Kimada alipiga mara tano tangu asubuhi. Fundi aliitazama simu, akaifunika kwa kitambaa, akaendelea kushona. Mwanawe ameenda kwa baba yake siku mbili tu, ya nini kusumbuana?

Saa nne teksi ikasimama mlangoni. Kimada alikuwa ndani na mtoto wa miaka kumi, amejikunja, anatapika. Wakaenda moja kwa moja hospitali. Kwenye chumba cha dharura fundi akamzuia mwenzake.

"Wewe kaa hapo kwenye benchi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Daktari alimpima mtoto nyuma ya pazia. "Korodani ya kushoto imejisokota, damu haifiki. Maumivu yalianza saa ngapi?"

Fundi hakujua. Lakini akiri hajui, na yule pale nje anajua mpaka dakika? Thubutu!

"Saa tatu," akasema, kavu kabisa.

"Afadhali. Basi tupige picha kwanza tuhakikishe. Ikipitisha muda wa saa sita tangu maumivu yaanze, bila damu, inakufa, tunaitoa."

Inakufa! Fundi akakumbuka simu ya kwanza: ililia saa kumi na mbili, hata chai hajabandika. Jasho likamtoka. Akafunua pazia.

"Wee, njoo! Mwambie daktari ukweli, mimi sijui."

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri," Kimada akasema. "Aliniamsha mwenyewe."

Daktari hakungoja picha. Machela ikasukumwa mbio hadi chumba cha upasuaji.

Waliiwahi. Ilinyooshwa, ikashonewa mahali pake, rangi ikarudi. Fundi alilia mbele za watu bila haya. Lakini mtoto alipozinduka, wivu ule ule ukampanda.

"Mbona ulimwambia yeye?"

"Hata Jumatano iliuma, mama. Nilikuwa kwako."

"Na hukusema?"

"Niliogopa utanifokea."

Fundi alifumbua mdomo amfokee, akaufumba.