Safu ya Usiulize

Fundi cherehani alikuwa na fujo yake, na fujo ile ilikuwa na akili. Vipimo vya wateja aliviandika popote kalamu ilipomkuta, nyuma ya risiti, kwenye pakiti ya sukari, pembeni mwa gazeti, kisha akavichoma kwenye msumari ukutani. Akitaka cha mtu fulani, alikivuta bila hata kugeuza shingo.

Mdogo wake aliona haya kwa niaba yake. Yeye alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, watoto watatu waliojua soksi hukaa droo ipi, na jina la utani alilobandikwa na dada yake huyohuyo: Mama Faili. Fundi alipopasuliwa jicho, akakatazwa kusoma na kushika sindano mpaka bandeji itoke, Mama Faili alichukua likizo akaja kushika duka.

"Pokea vitambaa, toa nguo zilizokwisha," fundi alimwambia. "Msumari wangu uache."

"Dada, ule si msumari, ni jalala."

"Jalala langu linanilisha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi akiwa amelala chumba cha nyuma, Mama Faili aliushusha msumari mzima akaingiza kila kitu kwenye kompyuta: jina, simu, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ukiandika herufi mbili tu, mtu anatokea. Karatasi chache zilikuwa na maneno yasiyo na safu. "Mikono mirefu hata wakati wa joto. Usiulize." "Kiuno mkadirie kwa macho. Usiulize." Hayo aliyaacha nje. Usiulize si kipimo. Kisha karatasi zote akazitia moto nyuma ya duka, maana chuoni alifundishwa kwamba nakala mbili huzaa makosa.

Siku mume wa fundi alipompeleka kliniki, aliingia karani wa posta na kitambaa cha kijani, cha harusi ya mwanawe. Benchi lilikuwa limejaa. Mama Faili akafungua kompyuta.

"Hapa pana kosa," alisema, kwa sauti ileile anayowaitia watoto wake chakula. "Dada ameandika kifua kulia kumi na tisa, kushoto kumi na sita. Binadamu gani ana kifua cha hivyo? Hebu simama nikupime upya, mama."

Mmoja pale benchini aliyekuwa akitafuna karanga alisahau kutafuna. Karani aliweka kiganja upande wa kushoto, pale blauzi ilipokaa vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo Mama Faili alipoelewa. Upande ule hapakuwa na titi. Palikuwa na ufundi wa dada yake tu.

"Dada yako hajawahi kuniuliza," karani alisema. Akakikunja kitambaa chake polepole, akatoka.

Jioni fundi aliuliza, "Nani alikuja leo?"

"Watu wa kawaida."

Mama Faili akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Asubuhi alikwenda posta, akapanga foleni mpaka dirishani. "Nimekuja kuomba radhi," alinong'ona.

"Stempu ngapi?" karani aliuliza.

"Mama, jana mimi..."

"Watu wanasubiri. Ngapi?"

Alirudi na stempu kumi na hakuwa na barua hata moja. Aliziweka juu ya cherehani, akamweleza dada yake yote, mpaka moto wa nyuma ya duka.

Fundi alizipapasa stempu, akazisukuma kando. "Mwanamke yule alikuja hapa mara tatu, ananunua vifungo, anaondoka. Mara ya nne nikampima juu ya koti. Sasa umemtuma aanze upya kwa fundi mgeni, ajieleze, avue. Hatakwenda. Atavaa lile koti kwenye harusi ya mwanawe."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana vizuri." Akajipapasa bandeji. "Ule moshi niliusikia. Nikadhani unachoma takataka."

"Na mimi nilidhani hivyo, dada."

"Fungua mtambo wako."

Mama Faili aliongeza safu mpya, Usiulize, akaiweka mbele ya jina, ili jicho lianzie pale. Fundi akafumba jicho lake zima, akawapitisha wateja wake mmojammoja. Huyu, ndiyo. Yule wa duka la dawa, ndiyo. Yule msichana mrefu, mwandikie mara mbili. Kila mara Mama Faili aliuma ulimi asiulize.

"Na mimi? Kwangu uliandika nini?"

"Wewe kwani una siri? Unasema kabla hujaulizwa."

Wakiwa hawajamaliza, fundi alisimama akadai viatu vyake. Walikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa karani, mmoja akimwongoza mwenzake kwa mkono na kumwambia penye shimo. Mlango ulifunguliwa. Fundi akaingia. Mama Faili akaachwa nje, karibu na ndoo iliyopandwa mchaichai, na hakuna aliyemwambia akae. Ndani alisikia maneno ya chini, kisha wanawake wawili wakicheka. Alijua wanamcheka yeye. Akaona ni haki, na bado kicheko kikamchoma.

Fundi alitoka na kitambaa cha kijani kwapani.

"Beba," alisema. "Nitakata mwenyewe bandeji ikitoka."

Mama Faili alikipokea kwa mikono miwili.

"Ana sharti moja. Siku ya kuja kujaribu nguo, wewe usiwepo dukani."

"Nitakwenda sokoni."

"Soko la mbali," fundi alisema, akampa mkono amwongoze.