Kimya Kati ya Sehemu Mbili

Mzee Dekow alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mtu anayejua kwamba huenda akaondoka.

Hinda alimwona kupitia mwanya wa pazia la jukwaa. Juma lijalo angesafiri kwenda kusomea klarineti ng'ambo, na hakutaka kupanda ndege bila radhi ya baba yake. Miaka yote aliyosoma Nairobi, mzee hakumkataza muziki wala kumuuliza neno juu yake. Juzi tu ndipo alipofungua kinywa: "Sitoi radhi kwa kitu nisichokijua. Nitakuja nisikilize. Kisiponiingia, nitainuka niende msikitini mapema, nawe utajua."

"Amekuja na fimbo," alinong'ona Mutheu, mpiga chelo, naye akichungulia. "Ya kutuchapa?"

"Ya kuondokea."

Oduya, mpiga piano, alicheka huku akifuta jasho vidoleni. Piano yake ilikuwa imefika Garissa jana juu ya lori, na joto lilikuwa limeshaanza kuilegeza sauti. Hata feni za ukumbi zilikuwa zimezimwa zisivuruge muziki. Watu walijipepea kwa ncha za shali, wakangoja.

Walianza. Chelo ilitangulia, pole pole, kama kitu kizito kinachoteremshwa kwa uangalifu. Piano ikadondoka hapa na pale. Kisha klarineti ikaingia kwa sauti yake ya chini kabisa, ile yenye giza na ubaridi. Ukumbi ukafifia machoni pa Hinda. Mwanga wa alasiri uliopenya madirishani pamoja na vumbi ukawa maji yaliyotulia, na nyuso za watu zikaelea ndani yake bila majina. Alihisi anashuka, hatua kwa hatua, mahali ambapo kuta ni mbichi na mbingu imebaki duara dogo juu ya kichwa. Hakujua kama yeye ndiye aliyekuwa akipumua au ni ule mti mweusi mikononi mwake.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Mutheu akainua upinde wake na kuuacha hewani. Waliohudhuria walikuwa wameombwa wasipige makofi hadi mwisho kabisa, nao wakatii. Kimya kikatanda.

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu. Mzee Dekow alikuwa amesimama, fimbo mkononi.

Basi, Hinda akajiambia. Amekwenda.

Lakini mzee hakugeukia mlango. Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja sikioni, akaita: "Hooo-bey! Hooo!" Ulikuwa mstari mmoja mrefu wa wimbo, kwa sauti iliyochakaa lakini isiyotetemeka.

Vichwa vikageuka. Kijana mmoja akaangua kicheko, na Nafiso, shangazi yake Hinda aliyeketi safu ya mbele, akamchapa kwa ncha ya shali. "Nyamaza, wewe! Huoni kuna mtu chini?"

Hapo Hinda akaelewa. Katika ujana wake Dekow aliwanywesha ngamia kwenye kisima cha ukoo wao, upande wa El Wak, kisima kirefu kiasi kwamba aliyeshika kamba juu hamwoni mchotaji aliye chini. Humsikia tu akiimba. Kanuni yao ilikuwa moja. Maadamu mchotaji anaimba, yu salama. Wimbo ukikatika, aliye juu humwita papo hapo, na wa chini sharti aitikie. Asipoitikia, mtu hushuka kumtafuta.

Mutheu alimkazia Hinda macho: tuendelee? Ndivyo walivyofunzwa wote watatu, kuusubiri ukumbi utulie na kujifanya hawakusikia lolote. Hinda alimtazama baba yake, aliyesimama na kiganja sikioni, akingoja.

Akainua klarineti, akauitikia ule mstari kutoka chini kabisa.

Mabega ya mzee yakashuka. Akaita tena, na safari hii wazee wengine wawili wakaitikia naye. Mutheu akatandika noti moja ndefu chini yao. Oduya akagusa kibonye kimoja tu, nacho, kwa kulegea kwake, kikasikika kama tone linaloanguka mbali.

Baadaye Dekow akaondoka pale mlangoni, akaenda kuketi kando ya dada yake. Waliendelea hadi mwisho. Kila sehemu ilipomalizika aliita, na kila alipoita Hinda aliitikia, wala hakuna aliyecheka tena.

Nje, adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza. Mzee alimngoja bintiye ukutani.

"Aabbe, ulikuwa unaondoka?"

"Naam. Fimbo nilikwisha kuishika. Muziki wenu una kona nyingi mno, mwanangu, ulinipotea mapema." Akaiegemea fimbo yake. "Kisha ukakatika, nikakuogopea. Nikajiuliza, naogopa nini, na mtoto yuko mbele yangu kitini? Nikaona kumbe kweli ulikuwa umeshuka mahali."

"Na radhi yangu?"

"Nimeshika kamba muda wote huo, bado waniuliza?"

Hinda alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Mzee aliitazama kwa makini klarineti kifuani pake, bila kuigusa.

"Huko uendako, ukinyamaza, nani ataita?"

"Hakuna, Aabbe. Hawaijui desturi hiyo."

"Wafundishe, basi," akasema, akaenda kutawadha.