Mama Mkwe Kisiwani

Mvua ya mwaka ule wa sabini na saba haikuwa na adabu. Ilinyesha mlimani usiku kucha, na asubuhi maji yakashuka kwa fujo hadi bwawa la Gathima, upande wa Chaka, yakakata kamba ya chelezo cha kuvukia na kukizoa chelezo chenyewe. Wahome, mlinzi wa kituo cha utafiti kilichokuwa kwenye kisiwa katikati ya bwawa, alisikia kamba ikikatika akiwa juu kilimani anapima mvua. Hakushtuka sana. Unga alikuwa nao, kuni alikuwa nazo, na upweke alikwisha kuuzoea.

Kumbe hakuwa peke yake. Aliposhuka alimkuta mama mkwe wake, Watiri, amepiga magoti chini ya mti wa muiri, panga mkononi, anabandua gome. Alikuwa amevuka mapema, akidhani Wahome ameenda soko la Chaka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kisiwa kile kilikuwa cha wanakijiji, walionunua shamba la mzungu kwa hisa, na walikuwa wamekubaliana na watu wa chuo kikuu kwamba mti wa pale haukatwi wala haubanduliwi. Anayekamatwa anasimamishwa mbele ya baraza na kuchinja kondoo dume. Wahome mwenyewe, kwa kupenda sifa, alisimama kwenye mkutano akasema hata akiwa ni ndugu yake atamleta amemshika sikio. Watu walimpigia makofi.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Mtini palining'inia kipande cha reli. Kikigongwa, kamati ya kijiji inakuja na mashua yake ya bati. Lakini kamati ikija itamkuta mama mkwe na gome lake. Wahome aliitazama ile reli, akaipa mgongo.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema akiangalia chini, maana mkwe hatazamwi usoni.

"Ni mzuri, baba."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Basi. Yakaishia hapo. Gathoni, mkewe, alikuwa ameenda kwa mama yake kungojea uzazi wa kwanza, kwa sababu Wahome alilala kisiwani siku nyingi kuliko kwake. Alitamani sana kuuliza habari zake. Lakini mwanamume anaanzaje kumuuliza mama mkwe mambo ya mimba? Isitoshe, ameambiwa hawajambo.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mbao, na mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Wahome akampisha mama ndani, penye moto, yeye akasimama nje, mgongo ukutani, matone ya paa yakimwangukia mabegani. Mtu mzima, analowa chapachapa nje ya nyumba anayoilinda! Ukimcheka una haki. Yeye alijiona ametenda vema kabisa. Maji yatapungua, alijiambia, mama atavuka kimyakimya, na hakuna atakayeaibika.

Maji hayakupungua. Yalizidi kupanda mchangani, mekundu, yakibeba matawi. Ng'ambo aliona moshi wa nyumba za watu, karibu kabisa, na akaona kisiwa kimekuwa kidogo kuliko siku zote. Alitaka kuigonga reli. Alitaka pia ardhi immeze. Aliendelea kusimama.

Adhuhuri ilipita. Ndani mama alikuwa akitembea huku na huku, mbao zikilia. Halafu mbao zikanyamaza, akamsikia analia mwenyewe. Wahome akaumia moyo. Alidhani ni aibu inayomliza.

"Mama," alisema kupitia ukuta, "hiyo gome itupe kwa maji. Mimi sijaona kitu."

"Siwezi kuitupa."

"Ati kwa nini, mama? Nikigonga reli watu watakuja, na wakiipata..."

"Kwani hukugonga kwa sababu yangu?" Sauti ya Watiri ilibadilika. "Mimi nilifikiri umenikasirikia. Nilifikiri unaningojesha ndiyo unifunze."

"Nikufunze, mama? Mimi?"

Kisha Watiri akasema neno ambalo mwanamke hamwambii mkwe wake, akalisema ameufunika uso kwa leso ingawa ukuta ulikuwa katikati.

"Gathoni amezaa jana jioni. Damu imekataa kusimama. Hii gome ni yake ya kuchemsha. Niko na yeye kwa roho tangu asubuhi, na ningekuambiaje, baba? Ningekuambiaje?"

Wahome aliigonga reli kwa shoka mpaka mikono ikafa ganzi. Alipiga kelele ambazo hata yeye hakujua anazo. Mashua ikaja mara moja, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Ndungu, akaliona gome kifuani mwa mama yule asiulize lolote. Wahome alimsihi njia nzima awakusanye wanaume wambebe Gathoni kwa machela mpaka barabara ya lami, wapate gari la kwenda hospitali Nyeri. Ndungu alisema watapatikana, hilo si jambo gumu.

Ukingoni alikuwa amesimama Warigia, jirani aliyeachiwa mgonjwa. Alikuwa amembeba mtoto ndani ya shuka.

"Ni msichana," alisema. Hakuwa akimtazama yeyote. "Gathoni amewaita mchana wote. Mama ako wapi, Wahome ako wapi. Nikamwambia mnakuja. Sasa hivi tu ndiyo ameacha kuita."

Watiri aliketi matopeni. Gome lilimponyoka, na hakuna aliyeliokota. Wahome alimpokea mtoto, naye hakujua hata kumshika, akamshika vibaya, akilia waziwazi mbele ya kamati nzima.

Baadaye walipanda kwenda nyumbani, yeye mbele, mama mkwe nyuma, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Wahome alitaka watembee pamoja. Akasimama amngoje.

Watiri naye akasimama.